Waliolala na Waliofariki

Kiangazi kilichopita tulimzika mama mmoja mzee katika kijiji chetu. Alizaliwa katika nyumba ya Waanglikana, akaolewa na Mlutheri, na wakwe za bintiye ni Wakatoliki; basi watu waliosimama kando ya kaburi lake walikuwa wa madhehebu matatu. Mwinjilisti akasema tusome sote kwa sauti moja habari ya tumaini letu, katika Waraka wa Kwanza kwa Wathesalonike, sura ya 4, kuanzia aya ya 13. Tukafungua. Sauti zikapatana katika neno "ndugu", kisha zikaachana. Hawa walikuwa wakisoma Biblia ya zamani iitwayo Union Version, na wale Biblia Habari Njema, wengine katika kitabu na vijana katika simu zao. Kabla ya kufika mwisho wa aya wengi walikuwa wamenyamaza. Mzee mmoja tu, ambaye macho yake hayaoni vema, aliendelea kwa moyo mpaka mwisho, nasi tukamsikiliza yeye.

Wakati wa kurudi tulimsikia mtu akisema nyuma yetu, "Hao hata kitabu chao si kimoja." Neno hilo lilituuma. Kwa ajili yake tumezisoma tena tafsiri hizi mbili, sura kwa sura, ili tuone ni nini hasa kinachoachana.

Yafaa kwanza kukumbuka ya kwamba shida hii si ngeni. Dr. Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, wala hakukawia kuanza kutafsiri. Walakini Biblia nzima ya kwanza ilikuwa ya Unguja, mwaka 1891, kazi ambayo Askofu Steere aliishughulikia sana lakini hakuiona imekwisha, maana alikufa mwaka 1882. Watu wa Mombasa nao wakapata ya kwao, kwa usemi wa kwao, mwaka 1914. Nao wa Unguja na wa Mombasa wote walikuwa Waanglikana! Tena ni katika miaka ile ile, mwaka 1913, wamisionari wa madhehebu mbalimbali walipokutana Kikuyu kushauriana juu ya umoja, wakashiriki Meza ya Bwana pamoja katika kanisa la Waskoti. Naye Askofu Weston wa Unguja akawashtaki maaskofu wa Mombasa na wa Uganda kwa sababu ya mambo hayo. Kisha ikatoka Biblia ya Dr. Roehl, mwaka 1937, ambayo Walutheri wengi wa Tanganyika waliipenda. Yeye alijitahidi kupunguza maneno yenye asili ya Kiarabu na kutumia yaliyo ya Kibantu. Nia yake twaielewa, ila twaona ya kuwa maneno kama dhambi, imani na rehema yamekwisha kukaa vinywani mwetu, pwani na bara, wala hakuna mkulima aombaye rehema akifikiri kwamba anasema lugha ya wageni.

Basi Agano Jipya la Union lilipotoka mwaka 1950, na Biblia nzima mwaka 1952, halikuwa jambo dogo. Makanisa ambayo hayakuweza kukaa kwenye meza moja yalianza kusoma maneno mamoja.

Sasa tuje kwenye aya yenyewe. Biblia ya Union huwataja wafu wetu kuwa ni watu waliolala. Habari Njema, mahali hapo, hutumia neno la kufariki dunia. Mtu atauliza, tofauti ni nini, maana habari ni ile ile? Tofauti ni kubwa. Mtume mwenyewe aliandika kwa Kiyunani neno la kulala, na Wakristo wa kale waliyaita makaburi yao mahali pa kulala. Neno hili lina asubuhi ndani yake. Mama akituambia mlangoni kwamba mtoto amelala, hatulii. Twapunguza sauti tu. Bali kufariki, neno tulilolipata kwa Waarabu, maana yake ni kuachana. Ni neno la adabu, nasi twalitumia kila tunapotangaza msiba. Lakini halina asubuhi. Asemaye "waliofariki" ametaja jambo lililokwisha tokea. Asemaye "waliolala" amekwisha kutaja na jambo tunalolingojea, kabla hajafika kwenye parapanda. Wala hatusemi kosa ni la kitabu chote. Twasema juu ya aya hii, isomwayo makaburini kuliko nyingine nyingi.

Walakini hata wafasiri wa Union waliogopa kidogo. Hawakuliacha neno "waliolala" peke yake, bali wakaongeza "mauti", labda ili msomaji asidhani ni usingizi wa kawaida. Mtoto mmoja darasani alituuliza, "Mwalimu, mauti ndiyo mkeka?" Tulicheka, lakini mtoto aliona vema: neno lile la pili limelipunguzia la kwanza nguvu yake. Afadhali neno limbuko katika Wakorintho wa Kwanza, sura ya 15, ambalo halihitaji kusaidiwa. Mkulima aliyekwisha kuonja mahindi ya kwanza ya shamba lake hulielewa kuliko sisi walimu: shamba zima liko njiani.

Lakini tusiisifu Biblia ya zamani kupita haki. Someni Waefeso, sura ya 1, kwa sauti. Sentensi za Mtume ni ndefu, na wafasiri wa Union walizifuata mpaka msomaji huishiwa na pumzi, na wasikiaji hawajui tena ni nani afanyaye nini. Tuliisoma sura hiyo darasani kwa tafsiri zote mbili. Baada ya ile ya zamani watoto walikaa kimya kwa heshima. Baada ya Habari Njema, iliyozikata sentensi zile, waliinua mikono wakaanza kuuliza. Mwalimu ajua ni kimya gani chenye faida na kipi kisicho nayo.

Tena kuna jambo lililotufikirisha zaidi. Biblia ya Union hujiita ya muungano, lakini Wakatoliki hawakuwamo katika muungano huo. Habari Njema, iliyotoka nzima katika miaka ya 1990, ilitafsiriwa kwa ushirikiano wa Wakatoliki na Waprotestanti. Kwa hiyo tukihesabu mikono iliyoandika, umoja uko katika kitabu kipya. Tukihesabu wazee walioshika maneno kwa moyo, hapa kwetu uko katika kile cha zamani. Hukumu yetu ni kwamba darasani na nyumbani Habari Njema itangulie, na kaburini isomwe ya Union, kwa sababu ya neno lile moja na kwa sababu ya wale ambao hawawezi tena kusoma.

Tulipomweleza hayo mzee Mkatoliki, baba mkwe wa binti wa marehemu, alitusikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwalimu, neno lenu ni zuri, nami nalipenda. Lakini kitabu kile kingine wenzetu walikiandika pamoja na wenzenu. Mbona tukifika kaburini twarudi kwenye kitabu chenu peke yenu?" Hatukuwa na jibu la upesi, wala hata leo hatulioni lililo kamili. Tulimwomba tu kwamba siku ya arobaini asome yeye.

Alikuja. Aliazima Biblia ya Union kwa yule mzee asiyeona vema, akasimama uani, akasoma polepole, akikwama penye maneno asiyoyazoea. Naye mzee, amekaa kwenye kiti chake, alikuwa akisema aya zile kwa moyo, mbele kidogo ya msomaji.