Kazi ya Kuchuchumaa Kando ya Dimbwi

Huku Kagera hatuna majira ya kuchipua. Tuna kiangazi cha Juni hadi Agosti, nyasi za rweya, mbuga zetu za wazi, zikikauka na vumbi likilala juu ya majani ya migomba ya barabarani, kisha tuna vuli. Vuli ya Bukoba huja alfajiri. Usiku mawingu hujengeka juu ya Ziwa Victoria, upepo wa mashariki huyasukuma huku magharibi, na watu wa mjini huamshwa na kelele za mabati. Kwa mwaka mzima hunyesha milimita zipatazo 2,000, zaidi ya mara tatu ya mvua ya Dodoma. Mara nyingi kufikia saa nne jua limeshatoka, na maji yamesimama kila mahali: kwenye mitaro ya Miembeni, kwenye kingo za mto Kanoni, kwenye mashimo waliyochimba wafyatua matofali, mpaka kwenye nyayo za ng'ombe.

Saa hiyo ndiyo ya kazi ninayotaka kuisifu, kazi ya kutazama dimbwi. Haina mshahara wala heshima. Mtu mzima akichuchumaa kando ya maji bila ndoana wala ndoo, wapita njia humwuliza amedondosha nini.

Ufundi wake unaanzia kwenye mahali pa kukaa. Kaa jua likiwa mbele yako, kivuli chako kianguke nyuma, maana kivuli kikigusa maji kila kilichomo kinajua kwamba korongo amefika. Halafu tulia. Dakika za mwanzo utaona maji matupu na utaapa kwamba hamna kitu. Wa kwanza kurudi ni wale wadudu wenye miguu mirefu wanaoteleza juu ya maji bila kuzama. Baadaye viluwiluwi wa vyura hutoka kwenye tope. Ukiwa na bahati utaona mayai ya chura mwenye ngozi ya chunusi yamezungushwa kwenye majani, uzi mrefu wa utelezi wenye vitone vyeusi. Vyura wakubwa hurudi mwisho kabisa, macho tu juu ya maji, na hao hawasamehe hata kikohozi.

Vifaa ni sahani nyeupe na kata. Chota taratibu, mimina, ngoja maji yatulie. Hapo utakutana na viluwiluwi wa mbu, na hapa macho yanapaswa kufanya kazi kweli. Wako wanaoning'inia kichwa chini, wakishikilia uso wa maji kwa mrija ulio mkiani. Hao mara nyingi ni kyuleksi, wanaotuimbia masikioni usiku, na huwakosi kwenye mtaro wa maji ya sabuni. Wako wengine wanaolala bapa, sambamba kabisa na uso wa maji, kwa sababu hawana mrija huo. Hao ni anofelesi, mbu wa malaria. Tofauti hii haihitaji hadubini wala cheti. Mtoto wa darasa la tatu anaweza kuiona akionyeshwa mara moja, na sijui kwa nini haonyeshwi.

Wilayani Muleba wanajua uzito wa jambo hili. Mbu wa huko walikuwa wamezoea dawa iliyotiwa kwenye vyandarua, na kuanzia mwaka 2015 vikajaribiwa wilayani humo vyandarua vilivyoongezewa kemikali ya kuvunja usugu huo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018 yakionyesha kwamba vinawakinga watoto zaidi kuliko vile vya kawaida, na leo vinatumika katika nchi nyingi za Afrika. Chandarua nakisifu bila kinyongo. Lakini chandarua kinamngoja mbu kitandani, na mwenye sahani nyeupe amekutana naye wiki nzima kabla hajaota mabawa.

Ukiendelea kutazama dimbwi lilelile utagundua jambo. Wiki ya kwanza lina viluwiluwi wa mbu tele. Halafu wawindaji wanafika. Kunguni wa maji huja wakiruka usiku, na katika baadhi ya jamii zao dume ndiye hubeba mayai mgongoni, yamepangwa safu kwa safu, mpaka yaanguliwe. Kereng'ende hutaga, na watoto wao, wenye sura mbaya na taya linalochomoka ghafla, hula kila kinachopita. Baadhi ya kereng'ende hao huenda si wenyeji. Mwaka 2009 mwanabiolojia Charles Anderson, aliyekuwa akiishi Maldives, alitoa hoja kwamba wale wa rangi ya manjano wanaofuata mvua hutoka India, wakivuka bahari kupitia visiwa hivyo mpaka Afrika Mashariki, wakati uleule mbayuwayu wa Ulaya wanapotushukia.

Kwa hiyo maji si mamoja. Baadhi ya anofelesi wa malaria hupenda dimbwi dogo, jipya, linalopigwa na jua, ambalo bado halina adui. Kinamasi cha zamani chenye mafunjo, kama vile vya bonde la Ngono au msitu wa Minziro anakoishi nzohe, kina kivuli na wakazi wake wenye njaa. Kwenye mafunjo ya kandokando ya ziwa wapo pia furu waliojificha, maana hewa humo ni haba na sangara haiwezi. Kamongo yeye huja juu kuvuta pumzi yake. Wilayani Kabale, Uganda, utafiti uliochapishwa mwaka 2000 uliona kwamba vijiji vilivyo kando ya mabonde ya mafunjo yaliyofyekwa na kulimwa vilikuwa na joto zaidi, na hatari ya malaria ilielekea kuwa kubwa zaidi kuliko kando ya mafunjo yaliyoachwa. Ndiyo maana nakasirika nikisikia mtu akisema "tukaushe kinamasi, kinazalisha mbu," huku shimo lake la matofali likimeremeta nyuma ya nyumba.

Na tusiseme Wahaya hatuwezi kutazama. Senene, wale panzi tunaowala, wakikaribia, kila mtu anakagua anga, upepo na taa za jirani kwa umakini ambao mtafiti angeuonea wivu. Ujuzi tunao, tumeuweka kwenye sufuria tu.

Vuli hii, basi, mpe mtoto sahani nyeupe na kata yenye mpini mrefu. Mwambie asiingize miguu majini, kwani kichocho kipo. Mwonyeshe anayening'inia na anayelala bapa. Anayelala bapa akionekana, fukia shimo hilo siku hiyohiyo, na mafunjo uyaache yalipo.