Konokono, Mnyoo na Rangi ya Njano

Asetilikolinesterasi ni kimeng'enya kinachovunja asetilikolini, kemikali inayopitisha ujumbe kutoka neva moja hadi nyingine. Kikizuiwa, ujumbe haukomi: misuli hutetemeka, hulegea, na mnyama hufa. Viuadudu vya jamii ya oganofosfati na kabamati huua kwa njia hiyo. Kwa kuwa kimeng'enya hicho kimo katika mdudu wa shambani na katika viumbe wa mtoni vilevile, dawa iliyosombwa na mvua hadi mferejini haichagui wa kumdhuru.

Maji ya mto hupita. Sampuli iliyochotwa asubuhi huenda isiseme lolote juu ya dawa iliyopita usiku. Mwili wa konokono, mnyoo au buu hubaki na alama. Oganofosfati hujibandika kwenye kimeng'enya kwa nguvu, hata mara nyingi mnyama hulazimika kutengeneza kingine, kazi ya siku au majuma. Alama ya kabamati hufutika upesi zaidi, pengine kwa saa chache, na mpimaji akichelewa hukuta ushahidi umetoweka.

Kazi ya kuisoma alama hiyo inataka mikono yenye subira. Mnyama husagwa kwenye barafu, maana joto huharibu vimeng'enya. Rojo lake huzungushwa kwa kasi hadi mashapo yatuame, na majimaji ya juu huchukuliwa. Hapo hufuata njia iliyotolewa na George Ellman na wenzake mwaka 1961, ambayo uzuri wake haujachuja. Majimaji hutiwa asetilithiokolini; kila molekuli inayovunjwa huachia kipande chenye salfa, nacho hukutana na kitendanishi na kuzaa rangi ya njano. Spektrofotomita huisoma rangi hiyo kwenye nanomita 412. Njano ikikolea haraka, kimeng'enya ni kizima, ikisuasua, kimefungwa. Ni ufundi wa kupendeza: madhara yaliyojificha ndani ya mnyama mdogo kuliko kucha hutokea mbele ya macho.

Ugumu uko kwenye kumchagua shahidi. Katika mashamba ya matufaha na peasi ya Bonde la Juu la Río Negro, Argentina, azinfosi-methili ilinyunyizwa kwa miaka mingi dhidi ya kiwavi wa matufaha. Watafiti wa nchi hiyo waliijaribu maabarani kwa mnyoo Lumbriculus variegatus na konokono Biomphalaria glabrata. Asetilikolinesterasi ya mnyoo ilizuiwa na viwango vidogo sana vya dawa. Ya konokono ikastahimili. Konokono angeulizwa kimeng'enya hicho peke yake, maji yangeonekana salama. Kilichoshuka kwake ni kaboksilesterasi, kundi la vimeng'enya linaloweza kuidaka sumu kabla haijafika kwenye neva. Kipimo cha kimeng'enya kimoja katika mnyama mmoja, basi, hakitoshi kulisafisha jina la mto.

Wapo Biomphalaria wengine katika Ziwa Victoria na mito ya Afrika Mashariki, wanaojulikana zaidi kwa kueneza kichocho. Anayetaka kuwatumia kupima maji asianzie kwenye mfereji wa shamba. Aanze na konokono wa maji safi, wa umri na ukubwa mbalimbali, masika na kiangazi, hadi kiwango chao cha kawaida cha vimeng'enya kijulikane.