Makali Yaliyolika

Yapo maandishi ambayo wahakiki wetu huyapita kwa kuwa hayakuandikwa kwa nia ya kuwa fasihi. Orodha za minada ya vitu vya kale ni miongoni mwayo, na hasa orodha za visu vya kukunja vya watunza bustani wa Ulaya, visu vya kupogolea na vya kupandikizia miti, ambavyo leo vina wakusanyaji wake Uingereza, Ufaransa, Ujerumani na Marekani. Nilianza kuzisoma kwa haja ya kazi. Nilikuwa nikitafsiri hadithi ambamo mzee mmoja anatoa kisu mfukoni, anakikunjua na kukata kitawi cha mwaridi, nami sikuweza kuendelea mpaka nijue kisu hicho kina umbo gani na mkono wa mzee yule ulikwenda upande upi. Tafsiri ilikwisha, kuzisoma orodha hakukwisha. Visu viwili nimekuja kuvimiliki, kimoja kwa kununua, cha pili kwa zawadi ya baharia mmoja jamaa yangu, na hicho cha pili ndicho kilichoniandikisha makala haya.

Nieleze kwanza vitu vyenyewe, maana vinastahili. Ubapa wa kisu cha kupogolea umepinda, ncha yake ikatazama chini mfano wa mdomo wa mwewe. Mpindo ule si pambo. Tawi huingia ndani yake likashikwa, na mkataji akivuta kuelekea kwake haliponyoki. Mpini mara nyingi ni wa pembe ya mnyama, yenye makunyanzi, kwa sababu bustani za kule zina mvua na mkono uliolowa huteleza. Kisu cha kupandikizia ni ndugu yake mpole: ubapa wake umenyooka, na mwisho wa pili wa mpini una ulimi mwembamba wa mfupa au wa pembe ya ndovu. Fundi hukata gome la shina kwa alama ya T, akaliinua kwa ulimi ule bila kuujeruhi ubichi ulio chini yake, akaingiza jicho la mti mwingine, akafunga. Anayekusanya visu hivi hutazama kitako cha ubapa, palipogongwa chapa. Taji na herufi V na R humwambia kwamba ni zama za Malkia Victoria, aliyefariki mwaka 1901. Neno “England” humwambia kwamba huenda kisu kilitengenezwa baada ya sheria ya Marekani ya mwaka 1890, iliyolazimisha bidhaa za kigeni zipigwe jina la nchi zilikotoka. Jina la Saynor, Cooke & Ridal wa Sheffield humfurahisha, kwani visu vya nyumba hiyo viliaminiwa sana na watunza bustani wa karne ya 19. Kisha atakifunga kisu na kusikiliza mlio wake. Mlio mkavu wa mara moja ni dalili ya spiringi nzima. Sijui sanaa nyingine ya ukusanyaji inayohakikiwa kwa sikio namna hii, isipokuwa yetu ya mashairi.

Kilichovitoa visu hivi mkononi na kuvipeleka kabatini ni mkasi. Mwanzoni mwa karne ya 19 Mfaransa Bertrand de Molleville, aliyewahi kuwa waziri wa majeshi ya majini wa mfalme Louis XVI, alibuni mkasi wa kupogolea. Wakongwe wa bustani waliupinga miaka mingi, wakisema kwamba mkasi huponda tawi ilhali kisu hulikata. Hoja yao ilikuwa na kweli ndani yake, lakini mkasi hujifunzwa kwa siku moja na kisu hutaka miaka. Mkasi ukashinda.

Sasa niingie katika lugha ya orodha zenyewe, maana hapo ndipo penye ugomvi wangu nazo. Sifa yake ya juu kabisa ni “ubapa mzima”. Maana yake ni ubapa usiopungua kwa kunolewa, na ukipata kisu ambacho hakikupata kunolewa hata mara moja, kikiwa ndani ya karatasi yake ya dukani, basi hicho ndicho kilele. Kisu kilichopungua huandikwa kwa huruma kidogo, kama mtu anayetaja ulemavu wa mgeni. Hebu tulitafakari jambo hili, msomaji. Kifaa kilichoundwa kwa kukata kinapewa thamani kwa kadiri kisivyokata. Aliyekinunua mwaka 1880 akakisahau kwenye saraka ndiye mbora wa hadithi, na aliyekinoa kila asubuhi kwa miaka thelathini ndiye mharibifu.

Visu vyangu viwili vinanitosha kwa ushahidi. Kile nilichonunua ni kizima, chapa yake yasomeka vyema. Cha zawadi kimelika hata ubapa umekuwa mwembamba kama jani la muwa. Nilivichukua vyote viwili kwa mzee mmoja wa shamba, kaskazini ya Unguja, aliyeishi kwa kubebesha michungwa na miembe. Kile kizima alikishika, akakigeuza, akanirudishia upesi. “Hiki, mwanangu, bado hakijaanza kusema.” Kile kilicholika alikaa nacho kitambo. Akakipeleka kwenye mwanga, akapitisha kidole gumba ubavuni, kisha akasema: “Bwana huyu akitumia mkono wa kushoto. Tazama alivyokuwa akinoa.” Nami nilikuwa nacho kisu kile kwa miaka minne na sikuwa nimeona.

Hakuna orodha niliyoisoma ambayo ingeniambia hayo. Si kwa sababu waandishi wake ni wajinga, la hasha, wengi wao wanajua chuma kuliko nitakavyojua mimi. Ni kwa sababu walichokubaliana kukitafuta ni kisu kama kilivyotoka kwa fundi, na yote yaliyofuata wameyahesabu kuwa hasara.

Ndiyo maana nimeamua kuyasema haya katika kurasa za mashairi. Vijana wetu wanaotunga siku hizi wamependa tena msamiati wa kale, na mimi ni wa kwanza kufurahi. Walakini katika beti nyingi ninazoletewa nizisome, neno la Kiamu au la Kingozi limewekwa kama kisu kile ndani ya karatasi yake. Limesuguliwa, limeelekezwa chapa upande wa mtazamaji, na halikati kitu. Ukilitoa, ubeti haupungukiwi ila mizani. Neno la kale lenye uhai huwa limelika. Limepita kwa mkunga, kwa nahodha na kwa mwimbaji wa harusini, na kila mmoja kalinoa kwa upande wake.

Lipo pia wanalonyamaza wakusanyaji. Sheffield ya karne ya 19 ilikuwa mji wa wanoaji walioinamia mawe ya kunolea mchana kutwa wakivuta vumbi la jiwe na la chuma. Daktari Calvert Holland aliandika mwaka 1843 kuhusu maradhi ya mapafu yaliyowapata, na wanoaji wa uma, waliofanya kazi kwa jiwe kavu, wengi hawakufika umri wa miaka arubaini. Na ule ulimi mweupe wa kisu cha kupandikizia una habari iliyo karibu zaidi nasi. Pembe za ndovu zilizopita soko la Unguja, zikibebwa na wapagazi kutoka Ujiji na Tabora hadi Bagamoyo, zilikwenda Bombay, London na Marekani, na viwanda vya visu vya Sheffield vilikuwa miongoni mwa walaji wakubwa wa pembe duniani. Nyumba ya Joseph Rodgers & Sons ilisifika kwa ghala lake la pembe kama nyumba nyingine zinavyosifika kwa maktaba. Siwezi kuapa kwamba mpini fulani umetoka bandarini petu. Lakini kuandika “pembe nzuri, haina ufa” na kunyamaza hapo ni kusoma ubeti na kuruka kituo. Tangu sheria ya Uingereza ya pembe za ndovu, iliyopitishwa mwaka 2018, ianze kutumika mwaka 2022, vile vyenye mpini mzima wa pembe kwa kawaida haviuziki tena huko, na orodha zimepungua kurasa. Sikuvililia.

Hata hivyo, haki lazima itendeke. Katika jambo moja wakusanyaji hawa ni walimu wetu, nami nalisema kwa aibu. Wao hukataza kabisa kupiga msasa. Weusi na uhudhurungi unaotanda juu ya chuma cha zamani hawauoni kuwa uchafu. Hufuta kutu inayokula kwa mafuta na kitambaa, na yaliyobaki huyaacha. Mimi kisu changu kilichonifikia cheusi nilikisugua kwa msasa jioni moja, nikakifanya kikameremeta. Asubuhi nikatafuta chapa nikakuta herufi tatu tu, nazo huonekana ukiinamisha ubapa kwenye taa.

Herufi zile zilinikumbusha kosa kubwa kuliko hilo. Mwaka 1996 nyumba moja ya Pemba iliniazima mswada wa utenzi ulioandikwa kwa hati za Kiarabu, niunukuu kwa hati za Kirumi upate kuchapishwa. Nilikuwa kijana, nimejisomesha mwenyewe, na mtu wa namna hiyo huogopa sana kuonekana hajui. Palipoandikwa “ntu” nikaandika “mtu”. Palipoandikwa “nkono” nikaandika “mkono”. Mshororo uliokuwa na mizani saba niliutia neno langu ukawa na nane. Baadaye sana, nilipomsikia bibi mmoja akighani utenzi mwingine wa upande ule, nikafahamu kwamba sauti ile ya saba huvutwa ikajaa mahali pa mbili, na kwamba mshororo haukuwa na kasoro. Jina la mtungaji halikuwamo katika mswada. Alichotuachia kujitambulisha ni namna yake ya kusema, nayo ndiyo niliyoisugua.

Mswada niliurudisha kwa wenyewe. Ukaliwa na mchwa. Daftari langu la kwanza, lenye maneno kama yalivyokuwa, nililitupa baada ya kupiga chapa nakala safi, na nakala hiyo safi ndiyo inayosomwa hadi leo katika hadhara za mashairi. Watu hunishukuru kwayo.

Yuko mkusanyaji mmoja ninayemhusudu. Ken Hawley, mwuza zana wa Sheffield aliyefariki mwaka 2014, hakukusanya vilivyokamilika peke yake. Alikusanya vipande vilivyoachwa nusu njia, zana za kutengenezea zana, na maelezo ya mafundi wenyewe kuhusu kazi yao. Hazina yake, yenye makumi ya maelfu ya vitu, imewekwa katika makumbusho ya Kelham Island, ambacho nacho ni kisiwa, ijapokuwa kilifanywa na mfereji wa kinu cha maji. Huyo asingelitupa daftari.

Ninatayarisha chapa mpya ya utenzi ule. Beti tatu nazikumbuka kama zilivyokuwa, nami nimezirejesha na “ntu” wake. Neno nililolitia katika mshororo wa mizani saba nimelitoa. Katika beti nyingine, pale ninapojua kwamba niligusa lakini sikumbuki niligusa nini, nimetia alama pambizoni. Zimekuwa alama arubaini na moja, na kazi haijafika nusu.