Hesabu ya Bwawa la Umma: Govanhill, Hamamni na Gerezani

Mwezi wa Machi mwaka 2001, katika mji wa Glasgow huko Uskochi, wakazi wa mtaa wa Govanhill waliingia katika nyumba ya kuogelea ya barabara ya Calder, iliyojengwa baina ya 1912 na 1917 kwa fedha za mji wao, wakakataa kutoka, kwa kuwa baraza la mji lilikuwa limekwisha kukata shauri la kuifunga kwa hoja ya kwamba gharama zake zimezidi kiasi. Walikaa humo siku zipatazo 140, wakipokezana zamu usiku na mchana, hata mwezi wa Agosti maofisa wa mahakama, wakifuatana na askari polisi, wakawatoa. Mlango ukafungwa. Walakini azma yao haikufa, na mwaka 2005 wakaunda chombo cha amana kwa sheria za nchi yao, wakashika kalamu na daftari badala ya kulinda mlango, na baada ya miaka mingi baadhi ya vyumba vya jengo lile vikafunguliwa tena kwa shughuli za mtaa. Ama mabwawa yenyewe, miaka ishirini haikutosha kuyarudishia yote maji yake.

Nawaletea wakazi wa Gerezani na Kariakoo, hapa Dar es Salaam, habari hii ya ugenini kwa sababu tamaa ya kuwa na bwawa la umma ni tamaa ya haki, na mimi naiunga mkono kwa moyo wote, lakini namna ya kuidai ndiyo itakayoamua kama watoto wetu wataogelea au watarithi shimo lenye vigae. Watu wa Govanhill walikuwa na umoja, walikuwa na ushujaa, na haki ilikuwa upande wao. Walichokikosa katika miezi ile ya kwanza ni jawabu la hesabu kwa hoja ya hesabu. Baraza liliposema gharama, wao walijibu kwa kuwapo. Kuwapo kwao kuliwapa sifa na kukauzuia mlango usisahauliwe, bali kilichofungua vyumba vile ni ile kazi ya pili, kazi ya kimya ya katiba, ukaguzi wa jengo, makadirio na michango.

Na tuanze basi na hesabu, tukichukua bwawa la kadiri, lenye urefu wa mita 25, upana wa mita 12.5 na kina cha wastani cha mita 1.4. Bwawa hilo hujaa lita 437,500, yaani maboza 44 ya lita elfu kumi kumi. Mtu aliyeuona mgao wa maji wa mwaka 2022, Mto Ruvu ulipopungua na Dar es Salaam nzima ikahesabu ndoo, atauliza papo hapo kwa nini maji hayo yaende kuchezewa ilhali mama anaamka alfajiri kutafuta ya kupikia. Swali hilo ni la haki, na yeyote anayelipuuza hafai kusimama mbele ya mkutano wa mtaa. Jawabu lake ni kwamba bwawa lililojengwa vema halijazwi upya kila wiki: maji yaleyale huzungushwa na pampu, hupitishwa katika vichujio vya mchanga, hutiwa dawa ya klorini, hurudi. Kinachopotea ni mvuke na maji ya kuoshea vichujio. Tukikadiria kwamba jua na upepo hunyanyua milimita 5 kwa siku, eneo lile la mita za mraba 312.5 hupoteza lita zipatazo 1,560 kila siku, nazo kwa mwaka ni kama lita 570,000. Kuosha vichujio huongeza maelfu mengine kila wiki.

Sasa tazameni paa. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, na Dar es Salaam hupata, kwa wastani wa miaka, zaidi ya milimita elfu moja. Kwa hiyo paa la mita za mraba 1,000 hupokea zaidi ya lita milioni moja kwa mwaka, ambazo hata zikipungua kwa kumwagika na kuchafuka, hutosha kufidia mvuke wote, ilimradi pawe na tangi kubwa la kuhifadhi maji ya masika hadi kiangazi. Hili si jambo geni kwetu. Marehemu Beda Amuli, msanifu aliyechora soko kuu la Kariakoo lililofunguliwa mwaka 1975, aliyapa mapaa yake sura ya miavuli iliyopinduliwa ili yakusanye mvua na kuiteremsha chini ya ardhi kuhifadhiwa. Fikra hiyo ilisimama hatua chache kutoka Gerezani miongo kadhaa kabla ya moto ulioliunguza soko hilo Julai 2021, na mtu akitaka kuwashawishi madiwani kwamba bwawa laweza kujitafutia sehemu ya maji yake, hana haja ya kuleta ushahidi kutoka Ulaya.

Gharama nzito zaidi ni umeme na watu. Pampu isiyozungusha maji yote kila baada ya saa nne au sita huacha bwawa lichafuke machoni pa wote, na kwa bwawa letu la mfano mzunguko wa saa nne maana yake ni lita 110,000 kwa saa, usiku na mchana, na bili ya TANESCO mwisho wa mwezi. Kisha yuko mlinzi wa waogeleaji, asiyepaswa kuwa mmoja tu, na yuko mpimaji wa maji, ambaye nitamsimulia kidogo kwa kuwa aghalabu hasimuliwi. Mtu huyu, mara kadhaa kwa siku, huchota maji katika kichupa, hutia matone ya dawa, hulinganisha rangi itokeayo na rangi za kadi yake, apate kujua klorini imebaki kiasi gani na kama uchachu wa maji umo baina ya 7.2 na 7.8; kisha husimama ukingoni penye kina kirefu akatazama kama kifuniko cha tundu la chini chaonekana sawasawa. Kisipoonekana, watu wote hutoka majini, awe ni mheshimiwa au mtoto wa shule, kwani kisipoonekana kifuniko hataonekana pia aliyezama. Mshahara wa mtu huyu ndio kwanza hukatwa fedha zinapopungua, nami nashauri uwe mstari wa kwanza wa makadirio.

Fedha hizo zitoke wapi? Kiingilio peke yake hakitoshi, na kikipandishwa hadi kitoshe, mtoto wa Gerezani atabaki nje ya ukuta akisikiliza maji, kama anavyobaki leo nje ya mabwawa ya hoteli na ya shule za kulipia. Hata mashindano ya taifa ya kuogelea yamefanyika mara nyingi katika bwawa la Shule ya Kimataifa ya Tanganyika huko Masaki. Lakini pwani yetu ina elimu ya kale katika jambo hili, nayo ni wakfu. Misikiti, visima na madarasa mengi ya Unguja na Mrima yaliendeshwa kwa ijara ya nyumba na maduka yaliyofungiwa kazi hiyo na waliotangulia, na Zanzibar hadi leo ina Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Ni mahali gani katika Tanzania ambapo kodi ya fremu ya duka ina thamani kubwa kuliko Kariakoo? Fremu chache kandokando ya uwanja wa bwawa, kodi yake ikifungiwa kwa sheria ndogo ya Halmashauri katika akaunti ya bwawa peke yake, zingeweza kulipa klorini na mpimaji wake. Nasisitiza sheria ndogo, kwa maana kodi ikiingia katika mfuko mkuu huchanganyika na mahitaji mia, na hakuna awezaye kuidai tena.

Anayetaka kuona nyumba ya maji ya umma ilivyokauka na aende Hamamni, Mji Mkongwe wa Unguja. Hamamu ile, iliyojengwa kwa amri ya Sultani Barghash bin Said aliyetawala 1870 hadi 1888, ilikuwa ya umma, watu waliingia kwa malipo, wakaoga na kukaa. Ilipofika kama mwaka 1920 ikaacha kazi. Kuta ziko, matao yako, maji hayapo, na wageni hulipa kuitazama ikiwa kavu.

Liko pia suala la zamu. Huko Govanhill, miongoni mwa waliopata hasara kubwa kwa kufungwa kwa nyumba ile ni wanawake wa Kiislamu wenye asili ya Asia, waliokuwa na saa zao pekee. Kule Nungwi, kaskazini mwa Unguja, mradi wa Panje tangu mwaka 2011 umewafundisha wasichana kuogelea baharini wakiwa wamevaa vazi la kuogelea linalofunika mwili, na jambo lililoweza kudhaniwa muhali limefanyika. Katika mtaa wenye misikiti mingi kama wetu, saa za wanawake, pamoja na ukuta wa stara na walinzi wanawake, ziandikwe katika mchoro wa kwanza. Zikiachwa kuwa hisani ya meneja, zitafutwa siku ya kwanza atakapopata mteja wa kukodi bwawa zima.

Ama ardhi, Kidongo Chekundu pametuonyesha kwamba si muhali. Uwanja wa michezo wa vijana wenye jina la Jakaya Kikwete ulifunguliwa pale Oktoba 2015, kwa fedha za kampuni ya Symbion na ushirika wa klabu ya Sunderland ya Uingereza, baada ya eneo kupatikana. Mfadhili hutangulia kuuliza hati. Kwa hiyo waombaji wa Gerezani wasipeleke picha ya bwawa kabla ya kuijua ramani ya mipango miji na kuona kiwanja gani kimeandikwa kuwa cha wazi.

Baada ya hapo njia ni ndefu lakini inajulikana: mkutano mkuu wa mtaa, muhtasari wenye saini na muhuri, Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha Baraza la Madiwani la Halmashauri ya Jiji, ambayo tangu Februari 2021 ndiyo Ilala yetu ya zamani. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na vitabu vya makadirio huandikwa miezi mingi kabla yake. Ombi linalopelekwa Mei, hata likiwa na saini elfu, hukuta vitabu hivyo vimekwisha kufungwa. La Septemba, likiwa na ukurasa mmoja wa hesabu ya maji, umeme, mishahara na kodi za fremu, lina nafasi ya kusomwa na mweka hazina.