Neno "Isiyotumika" na Ardhi ya Usangu

Mshairi huhukumiwa kwa vina na mizani. Mtunga sheria hahukumiwi hivyo, ilhali neno lake likiteleza hasara humfika mkulima. Kwa hiyo lugha ya sheria inastahiki kuhakikiwa kama inavyohakikiwa tungo, na neno moja la Sheria ya Ardhi ya Tanzania Bara, Namba 4 ya mwaka 1999, linatosha kuanzia: "isiyotumika".

Sheria hiyo inaigawa ardhi mafungu matatu: ya hifadhi, ya vijiji na ya jumla. Inapoifasili ardhi ya jumla, inaingiza humo ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Pacha wake, Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka huohuo, haina nyongeza hiyo. Mimba moja imezaa kauli mbili, na baina yake yamo malisho na mashamba ya watu.

Msomaji wa visiwani huenda akauliza: kuna ubaya gani ardhi isiyotumika ikatumiwa? Jibu liko Usangu, uwanda wa Wilaya ya Mbarali, Mkoa wa Mbeya. Huko shamba lililoachwa huenda limepumzishwa, na mbuga iliyofurika masika hulisha ng'ombe kiangazi. Mkaazi huitumia ardhi kwa zamu, kama msomaji wa shairi anavyotua mwisho wa kipande: kimya kile nacho kina kazi yake. Afisa apitaye siku moja huona utupu.

Utupu wa karatasini una nguvu. Shamba la mpunga la Kapunga, lililokuwa mali ya shirika la umma la NAFCO, liliuzwa kwa mwekezaji mwaka 2006, na hati ikameza pia hekta 1,870 za kijiji. Wanakijiji walilalama miaka mingi kabla ya serikali kuamua zirejeshwe. Mwaka 2010 ukazinduliwa SAGCOT, mpango wa kukuza kilimo cha biashara katika ukanda wa kusini, Mbeya na Iringa zikiwemo, kwa lengo la hekta 350,000. Baada ya Kapunga, mkaazi akisikia hesabu kama hiyo ana haki kuuliza: zangu zimo?

Wala swali hilo halikuzaliwa na soko. Huko Isimani, Iringa, tarehe 25 Disemba 1971, mkulima Saidi Mwamwindi alimuua Mkuu wa Mkoa, Dakta Wilbert Klerruu, wakati serikali ikishurutisha mashamba makubwa yaingie katika vijiji vya ujamaa. Damu ile haina wa kuisifu. Lakini inafundisha kwamba siasa ilipogeuka kutoka ujamaa kwenda uwekezaji, kalamu inayoipa ardhi jina ilibaki mkononi mwa dola.

Dola nayo ina hoja. Mifereji na maghala hayajengwi kwa jembe la mkono, na mchele wa Mbeya una wateja mbali na Mbeya. Mkaazi halikatai hilo. Analolishuku ni neno "umma". Ardhi yote ni ya umma, yasema sheria, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya raia. Mtu wa pwani anajua maana ya dhamana: amana haiuzwi pasi na idhini ya mwenyewe. Hata hivyo, kwa mujibu wa Sheria ya Vijiji, mkutano mkuu wa kijiji una kauli ya kuridhia au kukataa pale tu ardhi inayohamishwa isipozidi hekta 250. Ikizidi, kijiji hupendekeza na Waziri ndiye aamuaye. Kadiri kinachochukuliwa kinavyokuwa kikubwa, ndivyo sauti ya mwenye nacho inavyofifia.

Mhariri mwema angelifuta neno "isiyotumika" kwa wino mmoja, kisha akaigeuza kanuni ya hekta: ardhi ikiwa nyingi zaidi, idhini ya kijiji iwe na nguvu zaidi. Na washairi wanaoisifu nchi kwa mito na milima wangelifanya vyema kuuliza, katika kila ubeti, nani anailima na nani anachunga humo.