Simo za Sifa katika Hadithi za Wodehouse: Tatizo la Mfasiri

Simo ya kusifu huchakaa upesi. Mwanzoni mwa karne ya ishirini vijana wa tabaka la juu Uingereza walikuwa na "ripping", "topping", "top-hole" na "spiffing". Yote yalimaanisha kitu kizuri mno. Leo hutamkwa kwa mzaha tu. Kamusi ikiyafasiri yote kwa "bora sana" haisemi uongo, lakini haimtoshelezi mhakiki, kwani neno la sifa humweleza msifuji kabla ya kukieleza kisifiwacho.

Maumbo yenyewe yana mantiki. "Topping" na "top-hole" hubeba dhana ya kilele. "Ripping", na baadaye "smashing", hutokana na vitenzi vya kurarua na kuvunja. Mkondo huu wa pili si mgeni kwa Mswahili, asifuye kwa "kali" na "hatari".

Thamani ya simo hizo kifasihi huonekana wazi kwa P. G. Wodehouse (1881–1975). Bertie Wooster, kijana tajiri aliyesoma Eton na Oxford, hana kazi, na kila kimpendezacho hukimwagia sifa. Mtumishi wake, Jeeves, hunena kwa lugha sanifu, akipima kila neno. Hapo ndipo penye kichekesho, na hapo ndipo penye hukumu: bwana ana cheo, mtumishi ana lugha. Isitoshe, tangu 1915 hadi riwaya ya mwisho ya 1974, Bertie hazeeki. Simo zake zilikwisha kuzeeka mitaani London, naye angali akizitumia. Zimekuwa saa iliyosimama.

Basi mfasiri atende nini? Akiandika "nzuri sana" kwa wote wawili, ameufuta umbali uliopo baina yao, na kichekesho kimekufa. Akimpa Bertie "bomba" au "poa", amemhamishia kwenye kituo cha matatu, miongoni mwa vijana wasio na mtumishi. Huenda "kutia fora" kukafaa zaidi, kwa kuwa kunanukia mashindano na majivuno, wala si usemi wa jana. Hata hivyo, neno moja haliwezi kubeba mzigo wote; sharti usemi wa Jeeves nao uwe mkavu, wenye adabu na uchache wa sifa.

Kwa hiyo uaminifu wa tafsiri katika matini ya aina hii haupimwi kwa maana ya neno pekee. Hupimwa kwa swali hili: je, msomaji wa Kiswahili atamtambua asemaye hata akifichiwa jina lake?