Hewa ya Kariokor na Mizani ya Mlima Kenya

Moshi wa majiko ya nyama choma ya Kariokor, pamoja na ule wa matatu ziendazo Eastleigh, kila mtu anauona. Kazi ngumu ni kujua umeongeza nini hewani. Mashine ikiwekwa sokoni itasoma gesi za mtaani pamoja na zile zilizoletwa na upepo kutoka mbali. Mwuza nyama ambaye mizani yake haianzi kwenye sifuri hawezi kutaja uzito wa haki, na kwa hewa ya nchi hii sifuri hiyo hutafutwa Mlima Kenya. Huko, mita 3,678 juu ya usawa wa bahari, kipo kituo cha Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa kilichoanzishwa mwaka 1999 chini ya mpango wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani. Hoja yangu ni kwamba kinachokipa thamani, zaidi ya urefu wa mlima na bei ya mashine, ni ushirikiano wa wanaokihudumia.

Ushahidi umo katika namna takwimu zake zinavyosomwa. Mchana jua hupasha miteremko, na hewa ya mashamba na misitu hupanda hadi kituoni. Usiku mkondo hugeuka, hewa safi ya juu ikashuka. Kwa hiyo wachambuzi wanaotafuta hali ya asili ya anga hutegemea zaidi vipimo vya usiku. Majira nayo yana neno: kaskazi huleta hewa ya upande wa Uarabuni na Bara Hindi, kusi huleta ya Bahari ya Hindi iliyo kusini mwa Ikweta. Namba ya ozoni isiyo na saa wala msimu haisemi lolote. Ndiyo maana fundi anayepanda mlimani huandika chujio lilibadilishwa lini na umeme ulikatika lini, mchambuzi wa Nairobi huondoa vipimo vyenye shaka, na wakaguzi wa maabara ya Empa ya Uswisi wamekuja mara kadhaa kulinganisha mashine na vipimo vya kimataifa. Mmoja akizembea, jasho la wengine hupotea.

Wapo watakaosema setilaiti zinatosha. Setilaiti huona eneo kubwa, lakini mawingu huzizuia, na usahihi wake wenyewe huhakikiwa kwa vipimo vya chini na vya maputo, kama yale yanayorushwa kila wiki kutoka Dagoretti Corner tangu mwaka 1996 kupima ozoni. Wengine watauliza kwa nini fedha zipelekwe mlimani badala ya kununua vipima hewa vya mitaa ya Eastlands. Swali hilo ni la haki, kwa kuwa wanaovuta moshi wako mtaani. Hata hivyo vipima hivyo, bila cha kulinganishwa nacho, vitatuambia hewa ni chafu bila kutuonyesha ni sehemu gani ya uchafu huo tunayoweza kuizuia sisi wenyewe.

Umeme umekuwa udhaifu mkubwa wa kituo hicho: ukikatika, takwimu hupata mapengo yasiyozibika. Basi anayepanga bajeti ya hewa safi Nairobi aweke humo vipima vya Kariokor, na pia umeme na mishahara ya mafundi wa mlimani. Vyote viwili ni kazi moja.